Mbuzi wa Achai

Usiku ule niliiweka simu juu ya sufuria niliyoipindua kando ya mlango, mahali pekee pa kwetu ambapo mtandao hushika, nikaketi karibu nayo. Ilikuwa Desemba ya mwaka 2012, Krismasi imekaribia. Binti yangu Akidor alikuwa ameondoka Lodwar asubuhi kwenda malishoni, upande wa Katilu, ambako baba yake, mume wangu Losike, alikuwa na mifugo. Alikwenda kuchukua mbuzi wa biashara yake. Kule malishoni mtu akitaka kupiga simu hupanda kilima kwanza, kwa hiyo kimya chake peke yake hakikunitisha. Kilichonitisha ni maneno niliyoyasikia sokoni jioni hiyo.

Mwanamke anayeuza ugoro karibu na daraja aliniambia, "Mama Akidor, mume wako amewanyamazisha watu. Mahari ya Lotiir imepelekwa, na aliyetoa mbuzi wengi ni Losike."

Lotiir ni mtoto wa marehemu shemeji yangu. Kumsaidia kuoa ni wajibu, hilo sikatai. Lakini ukame wa mwaka uliotangulia ulikuwa umetupiga vibaya, na mimi nilijua mbuzi wetu waliobaki hawakuwa wa kumnyamazisha mtu. Nikanunua ugoro wa mama yangu, nikarudi nyumbani, na tangu hapo nikawa nawaza: ametoa mbuzi wa nani?

Simu ikaita. Si Akidor. Alikuwa Achai, mshirika wake, akipiga kutoka kambi ya Kakuma.

"Mama Akidor, ejok?"

"Ejok, mwanangu."

"Amefika?"

"Bado."

"Nimeambia wamama wa kanisa nyama iko. Lori iko tayari Lodwar, dereva ananisumbua. Mbuzi zikipanda kesho, tutafika na Krismasi vizuri."

"Zitapanda," nikamwambia.

Alipiga tena, na tena. Mara ya mwisho hakuuliza kitu. Alisema tu, "Lala, mama, mimi nitakaa macho." Sikulala, na nadhani yeye pia hakulala. Mbwa walibweka wakachoka. Kulipoanza kupambazuka simu iliita, na safari hii sauti ilikuwa ya Akidor, na nyuma yake upepo wa kilimani.

"Mama. Hawapo."

"Wameibwa?"

"Afadhali wangeibwa," akasema.

Watu wanaosimulia habari hii kwetu Lodwar huanza na mume wangu, na kwa sababu wameanza naye, wanamaliza kwa kumhurumia. Mimi nitaanza na Achai.

Achai aliletwa Kakuma akiwa msichana mdogo, akiwa na shangazi yake, kutoka upande wa Bor, kule Sudan. Waliingilia Lokichoggio, mpakani, kama wengine wengi. Shangazi alifia kambini. Achai alikua hapohapo, akaolewa hapohapo, na mume wake aliporudi Sudan Kusini kutafuta ardhi ya baba zake hakuonekana tena. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kicheko cha ghafla ambacho kilimshtua hata yeye mwenyewe. Watu wake ni watu wa ng'ombe, kama sisi tulivyo watu wa mifugo. Kwao, kama alivyoniambia, msichana mzuri husifiwa kwa kulinganishwa na rangi ya ng'ombe fulani. Lakini kambini mkimbizi haruhusiwi kufuga. Sheria hiyo iliwekwa ili watu wasipigane juu ya malisho na maji, na sisi Waturkana ndio tulioitaka sana. Kwa hiyo mwanamke huyu, aliyeweza kukuambia umri wa mbuzi kwa kumtazama anavyotembea, aliishi miaka yake yote akifuga kuku.

Alikuwa na hoteli ya mabati na turubai kwenye mtaa wa Wasudan. Alipika supu ya mbuzi na kisra, ule mkate wao mwembamba wa mtama. Akidor alikutana naye pale kwa ugomvi. Binti yangu alikuwa ameachwa na mume, amenirudia na mtoto, na kwa muda alikuwa anakaa Kakuma mjini kwa dada yangu akipeleka makaa kambini. Siku ya kwanza Achai hakununua gunia kwa kulitazama juu. Alilimwaga lote chini, na kule chini kulikuwa na vumbi.

"Mkimbizi gani huyu anamwaga mali ya watu?" Akidor akamwambia.

"Na wewe mwenye nchi," Achai akamjibu, "nchi yako yote hii, unakosa makaa mpaka unaniuzia udongo wake?"

Wateja walicheka, Akidor naye akashindwa kujizuia akacheka, na tangu siku hiyo alimpelekea makaa safi. Ndivyo walivyoanza. Wengine huanza ushirika kwa kusifiana. Hawa walianza kwa kuonyeshana vumbi, na niliona hiyo ni dalili njema.

Mpango wa mbuzi ulitoka kwa Achai. Wenye hoteli kambini walikuwa wananunua mbuzi kwa madalali, wamekonda kwa safari, kwa bei anayotaka dalali. Achai akasema, wewe Akidor unaweza kwenda popote, mimi siwezi kutoka hapa bila kibali. Wewe nunua Lodwar na vijijini mbuzi wakiwa dhaifu, mpe baba yako awanenepeshe, kisha uniletee kwa lori. Mimi nitapika na nitawauzia wenzangu. Faida tutagawana sawa. Na walikuwa wanagawana sawa. Hilo sijawahi kusikia mmoja wao akilalamikia, hata baada ya mambo kuharibika.

Shida ilikuwa masikio.

Kwetu kila ukoo una alama yake, emachar, na mnyama hukatwa sikio au huchomwa moto kwa alama hiyo. Mbuzi mwenye masikio mazima katikati ya kundi la mtu ni swali. Jirani anauliza ametoka wapi. Polisi anauliza. Akiibwa, hakuna atakayechukua bunduki kumfuata, maana hajulikani ni wa nani. Kwa hiyo mbuzi wa kwanza walipofika malishoni, Losike akawakata masikio kama wake. Hakuwa na nia mbaya. Angefanya nini kingine?

Akidor alimwambia Achai kwa simu, mimi nikiwa nakoroga uji karibu. Nikasikia sauti ya Achai ikitoka kwenye simu wazi kabisa.

"Kwetu sikio ikikatwa, mnyama amehama."

"Hapa ni usalama tu," Akidor akamwambia.

"Sawa. Basi baba yako aseme hivyo mbele ya watu. Aseme, alama ni yangu, mbuzi ni ya Achai na Akidor. Watu wako wawili, watu wangu wawili. Nitaomba kibali nije."

Niliona ni neno la busara, na Akidor pia aliona hivyo. Akampelekea baba yake. Losike alikuja nyumbani mwezi ule kununua dawa ya mifugo, akasikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda chake, akacheka.

"Huyu rafiki yako, si ni rafiki ya mtoto wangu? Rafiki ya mtoto wangu ni mtoto wangu. Sasa mtoto anaita mashahidi kwa baba yake?"

"Apa, baba yangu, ni biashara," Akidor akasema.

"Biashara ni ya Wasomali. Sisi hapa ni nyumbani."

Alisema kwa upole. Na kweli aliwatunza. Wakati wa ukame alikuwa anapanda migunga kuwaangushia maganda, na usiku alilala nje na bunduki kifuani. Achai alipopiga simu kuwaulizia, alikuwa anamwuliza Akidor mmojammoja kwa rangi: yule mweupe mwenye doa jichoni, yule mwekundu mwenye pembe moja. Hakuwahi kuwaona. Alikuwa anaambiwa rangi siku ya kununuliwa, anazishika kichwani. Losike alipopata habari hiyo alifurahi sana. "Huyo ni mtu," akasema. "Huyo angekuwa Mturkana." Lakini kusema mbele ya watu mbuzi ni wa nani, hilo aliliona ni kumkosea heshima, na Akidor hakutaka kumkosea baba yake, na Achai hakutaka kumsukuma Akidor. Kwa hiyo kila mmoja alimwonea mwenzake aibu, na neno lililohitajika halikusemwa.

Siku ile ya Desemba, Akidor aliporudi kutoka malishoni bila mbuzi, alinieleza alichoambiwa na baba yake. Wazee wa upande wa msichana walikuja wakasimama kwenye boma. Wakwe hawaulizi mbuzi wametoka wapi. Wanatazama masikio. Waliona alama ya Losike kwa mbuzi wote, wakaanza kuchagua, na walichagua walionona, yaani wale wa biashara. Losike alisimama hapo na mtoto wa marehemu ndugu yake.

"Nilimwuliza kwa nini hakusema," Akidor akaniambia. "Akaniuliza, niseme nini? Niwaambie wakwe kwamba mbuzi zenye alama yangu ni za mwanamke wa kambini? Watasema Losike amekuwa mchungaji wa wakimbizi."

"Sasa utamwambia nini Achai?"

Alitoka nje, akapiga simu akiwa amenipa mgongo, lakini nilimsikia.

"Wachungaji walichanganya," alisema. "Baba hakuwepo. Hakujua."

Nilimtazama alipoingia. Alijua nimesikia. Alikaa chini akaanza kumsuka mtoto wake nywele, na wala hazikuwa zimefumuka.

Krismasi ya kanisa la Achai ilikuwa ya maharagwe. Wamama waliokuwa wamechangia nyama walimwangalia. Hakuna aliyemtukana, lakini hoteli yake ilipungua watu, na kuna mwanamke alipita mbele ya hoteli akasema kwa sauti, "Wengine wamekula Krismasi yao mapema." Achai alivumilia hayo yote kwa sababu aliamini yametokana na makosa ya wachungaji. Hata alimfariji Akidor. "Wachungaji ni watoto," alimwambia. "Tutapata wengine."

Mwezi Januari dereva mmoja wa lori, kijana wa kwetu, alikula supu pale kwake akaanza kujisifu juu ya ukoo wetu. Alikuwa kwenye sherehe ya Lotiir. Alieleza jinsi Losike alivyosimama kwenye boma mwenyewe, jinsi alivyowaachia wakwe wachague, jinsi walivyomchukua mwekundu mwenye pembe moja wakicheka kwamba amepungukiwa pembe lakini hakupungukiwa nyama. Achai alimwongezea supu ili amalize.

Jioni alipiga simu.

"Akidor, baba yako alijua?"

Akidor alinigeukia. Nilimwonyesha kwa mkono, sema. Akasema, "Alijua."

"Habari ya baba yako tungeongea," Achai akasema. "Wazee wanaongea habari kama hiyo kila siku. Hii yako sasa, mimi sijui niongee na nani."

Tulikwenda Kakuma wote wawili, mimi na binti yangu. Achai alitupokea vizuri, na hapo ndipo moyo wangu ulipoingiwa na hofu. Alitupa chai kwenye vikombe vya wageni. Zamani Akidor akifika anaingia jikoni mwenyewe. Siku hiyo Achai alimwambia, "Karibu, dada, keti," na Akidor akaketi kwenye benchi la wateja.

Niliomba tuongee. Niliomba kama mama anavyoomba, bila kujitetea sana. Nilimwambia Akidor alisema uongo kwa sababu alikuwa katikati ya baba na rafiki, na mtu akiwa katikati huwa anashika kilicho karibu. Nilimwambia pia ukweli wangu: binti yangu hana kazi nyingine. Bila Achai atarudi kwenye makaa, au ataolewa na mzee yeyote atakayekuja na punda.

"Najua," Achai akasema. "Na mimi bila Akidor sina miguu. Kwa hiyo nakaa na wewe, mama. Ningekuwa na miguu ningeshaenda."

Alikuwa ameshakwenda kwa chifu mmoja. Alitueleza bila hasira. Chifu alimwuliza, wewe ni mkimbizi? Ndiyo. Mkimbizi anaruhusiwa kufuga? Hapana. Basi huna mbuzi, na mtu asiye na mbuzi ameibiwa nini? Karani wake alicheka mpaka akatoka nje.

Waliotusaidia ni wazee wawili. Mmoja ni Kuany, katekista wa kanisa la Achai, mzee wa sauti ndogo. Mwingine ni Aukot, rika la Losike, waliotahiriwa na jua moja kama tunavyotania, kwa maana sisi hatutahiri. Hawa walizungumza kwa simu na kwa kutembeleana kwa muda mrefu, wakaleta mapatano ambayo hata leo sioni kasoro yake. Losike atatoa mbuzi badala ya wale waliokwenda. Watatolewa Lodwar, mbele ya watu wa pande zote mbili. Kabla ya kutolewa atasema waliotangulia walikuwa wa nani. Kisha mbuzi wa biashara watakatwa alama yao wenyewe, tofauti na ya ukoo, na Losike kama mtunzaji atapewa sehemu yake kila lori likiondoka. Akidor na yeye atamwomba Achai msamaha hapohapo, kwa sababu ya ule uongo.

Kuany alirudia mara nyingi kile ambacho Achai alimtuma aseme. "Mbuzi ni ya pili. Ya kwanza ni aseme."

Aukot alimpigia Losike tukiwa pale. Losike alisikiliza yote, akasema, "Sawa. Nitampa. Mwambie aje, nitampa."

Aukot akafurahi. Mimi sikufurahi. Nimempikia mwanaume huyo tangu nikiwa msichana. Alisema atampa, na kwetu anayetoa ni mkubwa, na anayepokea hushukuru. Nilimwambia Aukot, "Mwulize kama amesikia ile ya kwanza." Aukot akanijibu, "Mama Akidor, usichokonoe kidonda kinachopona."

Uchaguzi wa Machi ukapita, kila mtu akawa anazungumza habari ya kaunti na kazi zitakazokuja. Mvua zikanyesha, mifugo ikarudi karibu na Lodwar. Achai akapata kibali, kifupi, cha kwenda na kurudi. Alifika na Kuany kwa lori, amevaa gauni la kanisani, na viatu amevibeba mkononi kwa sababu ya matope. Nilimkumbatia. Akidor alisimama mbali kidogo, na Achai akamtazama akasema, "Umekonda. Hakuna mtu wa kukumwagia makaa?" Akidor akacheka huku analia. Nikasema moyoni, Mungu, leo itatengenea.

Halafu nikaona watu walioketi chini ya kivuli cha uzio. Losike alikuwa amewaalika wakwe wa Lotiir.

Nilielewa mara moja alichotaka, na nilielewa pia kwamba hatasema. Akisema mbele ya wakwe kwamba mbuzi wale walikuwa wa mtu mwingine, basi mahari ya Lotiir ilikuwa mali ya mtu mwingine. Wakwe wana haki ya kurudisha, ya kudai wengine, hata ya kumchukua binti yao. Ukoo mzima ungesemwa. Hilo lilikuwa jambo kubwa, sitaki kulifanya dogo. Lakini aliwaita yeye mwenyewe. Angeweza kufanya bila wao. Aliwaita ili waone anatoa.

Mbuzi walioletwa walikuwa wazuri, masikio mazima. Walikuwa wazuri kuliko waliokwenda. Losike alisimama na fimbo yake, manyoya mapya kichwani, akasema kwa Kiturkana kisha kwa Kiswahili ili wageni wasikie:

"Huyu mama amekimbia vita kwao. Ni rafiki ya mtoto wangu. Ameniomba. Losike hajawahi kuombwa akanyima. Chukua, mama, ule na watu wako."

Wanawake wakapiga vigelegele. Aukot aliinamisha kichwa. Mkwe mkubwa, baba wa msichana, akasema, "Mkono mpana," na wenzake wakaitikia.

Achai alikuwa bado amesimama. "Baba, asante," alisema. "Lakini mimi sikuomba."

"Hukuomba kwa mdomo. Shida yako iliomba."

Watu wakacheka. Achai naye akatabasamu kidogo, akangoja kicheko kiishe.

"Shida yangu haina mbuzi. Mimi nilikuwa na mbuzi. Sema tu ilikuwa ya nani, baba. Nitachukua hizi, nitashukuru, nitaenda."

"Mbuzi ni za Mungu," Losike akasema.

"Ya Mungu, ndiyo. Lakini alikuwa ameziweka kwa jina yangu."

Kicheko kilikuja tena, lakini kidogo, na mkwe mkubwa hakucheka. Aligeuka akamtazama Losike. Kuany alisimama akasema kwa sauti yake ndogo kwamba kuna mapatano, na kwamba Mzee Aukot ni shahidi. Aukot alikohoa. Alisema mapatano yapo, lakini mambo mengine husemwa nyumbani, watu wakishakula.

"Tulikubaliana mbele ya watu," Kuany akasema.

"Watu gani sasa? Hawa ni wageni."

Nikaona itapotea hivyo, kwa kukohoa na kwa nyama. Nilikuwa nimeshika kibuyu cha maziwa. Nilikiweka chini nikasema, "Walikuwa wake. Wale waliokwenda kwa mahari walikuwa wa Achai na Akidor. Niliwaona wakinunuliwa hapa Lodwar, na masikio yao yakiwa mazima."

Hakuna aliyenikemea. Kama wangenikemea ningejua nimesikika. Kuany aliniambia kwa heshima, "Asante, mama. Lakini si wewe ambaye anatakiwa." Mkwe mkubwa aliinuka, akajipangusa vumbi, akawaambia wenzake kitu ambacho sikukisikia. Losike hakunitazama. Aliwatazama wakwe wakiondoka uani mmoja baada ya mwingine, wamechukua fimbo zao bila kuaga. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Sisemi hivyo kwa kujilaumu. Ningerudishwa pale ningesema tena.

Nyumba aliyoingia ni ya mabati, ya chumba kimoja. Akidor ndiye aliyeijenga kwa faida ya mbuzi, mwaka wa kwanza wa biashara, na mlango wake ulitoka kwa fundi wa Kakuma ambaye Achai alimtafuta, akamsimamia mpaka bawaba zikakaa sawa. Losike hakuwa analala humo. Alikuwa anasema ina joto. Siku hiyo ilimfaa.

Aukot alikwenda kwanza. Alizungumza na mlango kwa lugha ya rika, akamtania, akamwita kwa jina la dume wake, ng'ombe ampendaye, kama wanaume wetu wanavyoitana. Hakujibiwa. Kuany akaenda, akasema hata akisema sasa, akiwa hukohuko ndani, wao watasikia na watahesabu kwamba amesema. Hakujibiwa. Jua likaanza kushuka. Dereva wa lori alituma mtu kuuliza kama mama wa kambini anakwenda au anabaki, kwa sababu kibali chake kinaisha, na polisi wa vizuizi vya barabarani hawaulizi habari za mbuzi.

Akidor alikuwa amekaa chini, amemwelekea Achai. Alikuwa ameshaomba msamaha wake, bila vigelegele, na Achai alikuwa ameshika mkono wake muda wote huo.

"Wachukue tu," Akidor akamwambia. "Wapande kwenye lori. Mimi najua walikuwa wako. Si inatosha mimi kujua?"

"Nikichukua," Achai akasema, "mwaka kesho baba yako atasema, yule nilimlisha. Na wewe utanyamaza. Si kwa ubaya. Utanyamaza kwa sababu ni baba. Nitakuwa nafanya biashara na mtu ambaye mali yangu kwake ni zawadi."

"Sitanyamaza."

"Basi nenda uongee naye. Mimi nitangoja mpaka dereva apige honi."

Akidor aliinuka. Mbuzi walikuwa bado wamefungwa pale, wanatafuna kamba. Alifika mlangoni akagonga kwa kiganja.

"Apa."

Akagonga tena.

"Apa, wakwe wamekwenda. Hakuna mtu hapa wa kumwonea aibu. Ni sisi tu. Sema neno moja, na mimi sitakuomba kitu kingine maisha yangu yote."

Nilisogea karibu. Nilisikia kitanda kikilia, maana yake alikuwa amekaa, hakulala. Alikuwa anasikia. Akidor aliweka paji la uso kwenye bati.

"Apa, atapanda lori. Ukinyamaza, ni kazi yangu umefunga."

Barabarani honi ikalia. Achai alivaa viatu vyake, akavifunga taratibu kuliko viatu vinavyohitaji. Alikuja akanishika mabega, akasema, "Kaa vizuri, mama." Kwa Akidor hakwenda. Alisimama akimtazama mgongo, kisha Kuany akamgusa kiwiko, wakatoka. Honi ikalia tena, halafu tukasikia lori likibadilisha gia kwenye mteremko wa mto.

Akidor hakugeuka. Aliendelea kugonga, polepole, kama mtu anayegonga bila kutaka kumwamsha aliye ndani. Kule ndani Losike aliwasha redio. Akatafuta stesheni, akaipata, akaongeza sauti.